Kupima ERK Iliyoamshwa kwa Westani Bloti: Mwongozo Kamili kwa Anayepata Membreni Tupu

Westani bloti ni njia ya kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye membreni, kisha kuitambua unayoitaka kwa kingamwili. Picha zake zinazonifikia kutoka kwa wanafunzi wa maabara ni za aina mbili. Ama membreni ni nyeupe pe, haina mkanda hata mmoja wa ERK (kinasi inayopitisha ishara ya ukuaji ndani ya seli) yenye fosfeti, ama safu zote ni nyeusi sawasawa, hata ile ya seli ambazo hazikupewa kichocheo. Swali huwa moja: "Jeli yangu ina kasoro gani?"

Mara nyingi jeli haina kasoro yoyote. Jaribio limeharibika saa nyingi kabla, seli zikiwa bado kwenye sahani. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye hatua za mwanzo, na kwenye jeli nitapita haraka kwa sababu wengi mnaimudu.

## Unachotafuta ni nini hasa

Kinasi ni kimeng'enya kinachotoa fosfeti kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Katika njia hii ya ukuaji, kichocheo EGF kinashika kipokezi chake, EGFR, nje ya seli. Vipokezi viwili vinaungana, kinasi ya kimoja inaisukuma ya mwenzake mpaka ikae mkao wa kazi, na mikia yao ya ndani inabandikwa fosfeti kwenye tairosini.

Protini GRB2 inanasa kwenye tairosini hizo ikiwa imeshikana na SOS. SOS inaifanya RAS iachie GDP (inayoizima) na kupokea GTP (inayoiwasha). RAS yenye GTP inaivuta RAF hadi kwenye utando wa seli, na huko RAF inaamka. Kuanzia hapo kinasi zinapokezana kijiti: RAF inabandika fosfeti mbili kwenye serini za MEK, na MEK inabandika mbili kwenye ERK.

Shika vizuri hizo mbili za mwisho. Kwa binadamu, ERK1 inabandikwa kwenye threonini 202 na tairosini 204, na ERK2 kwenye threonini 185 na tairosini 187. Fosfeti moja peke yake haiiamshi ERK sawasawa. Lazima zote mbili ziwepo, na seli ina vimeng'enya vingine, fosfatasi, vinavyozibandua muda wote. Ukipasua seli bila kuzizuia fosfatasi hizo, zitaendelea na kazi ndani ya tyubu yako mpaka ulichotaka kukiona kiishe.

## Andaa hivi kabla ya kugusa seli

Seli. HeLa, aina ya seli za binadamu zinazokuzwa maabara, zinafaa kwa kuanzia kwa sababu zina EGFR ya kutosha. Usianze na seli za A375 wala HCT116. A375 ina badiliko V600E kwenye BRAF (aina ya RAF) na HCT116 ina badiliko G13D kwenye KRAS (aina ya RAS), kwa hiyo njia iko wazi hata bila EGF. CHO nazo hazina EGFR yao wenyewe. Utazimwagia EGF mpaka uchoke.

Vichocheo na kizuizi. EGF ya binadamu. PMA, inayoiamsha njia kwa kupitia kinasi nyingine, PKC, bila kumhitaji EGFR. Na U0126, inayoizuia MEK. Hizi mbili za mwisho huyeyushwa kwenye kiyeyusho DMSO.

Bafa ya kupasulia seli. RIPA au yoyote yenye sabuni ya kutosha. Siku ya kazi ongeza sodiamu floraidi milimola 50, beta-gliserofosfeti milimola 10, sodiamu ortovanadeti milimola 1, na vizuizi vya proteasi. Floraidi na gliserofosfeti zinazuia fosfatasi za serini na threonini, vanadeti inazuia za tairosini. ERK ina fosfeti za aina zote mbili, kwa hiyo huwezi kuchagua upande mmoja.

Kingamwili. Moja ya ERK yenye fosfeti zote mbili, nyingine ya ERK yote (yenye fosfeti na isiyo nayo), na kingamwili ya pili, inayozishika hizo za kwanza, yenye peroksidasi, kimeng'enya kinachofanya dawa ya kung'arisha itoe mwanga. Soma lebo: nyingi huandikwa 202/204 kwa hesabu ya ERK1, lakini huona ERK2 pia.

Vitu vya kawaida. Sahani mbili za visima sita, kikwangulio, barafu, vipimo vya protini vya BCA, jeli ya akrilamaidi ya asilimia 10, membreni ya PVDF, methanoli, Ponceau S (rangi nyekundu ya protini), TBS (bafa ya chumvi), Tween-20 (sabuni laini), albumini ya ng'ombe na dawa ya kung'arisha mikanda.

Tahadhari: akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu, na PMSF (kizuizi cha proteasi), floraidi na methanoli nazo si za kuchezea. Vaa glavu, na methanoli iwe mbali na moto.

### Vanadeti: usiiweke jinsi ilivyo

Hapa ndipo wengi wanapopotea bila kujua. Vanadeti iliyoyeyushwa tu hujikusanya kuwa molekuli kubwa zenye rangi ya manjano, na hizo hazizuii fosfatasi za tairosini vizuri.

Tengeneza myeyusho wa milimola 200 na uuweke kwenye pH 10. Ukiongeza asidi utaona rangi ya manjano ikitokea. Chemsha mpaka rangi ipotee kabisa na maji yawe angavu. Acha ipoe, pima pH tena. Itakuwa imesogea na manjano huenda yakarudi. Irudishe kwenye 10, chemsha tena. Rudia mpaka ibaki angavu na pH isitikisike. Gawa kwenye tyubu ndogo na uzigandishe.

EDTA na DTT huidhoofisha vanadeti. Kama bafa yako ina EDTA nyingi, umeweka kizuizi na adui yake kwenye chupa moja.

## Hatua ya 1: Panda seli kwa idadi sawa

Panda HeLa kwenye visima vyote kwa idadi moja, zifike kati ya asilimia 70 na 80 ya kufunika sakafu siku ya kuzilaza njaa. Zikisongamana mno mwitikio hupungua. Zikiwa chache mno hutapata protini ya kutosha.

Ukifaulu: chini ya hadubini visima vyote vinafanana. Kama kimoja kina seli nusu ya jirani yake, kiache. Usijiambie utasawazisha kwenye jeli.

## Hatua ya 2: Laza seli na njaa

Ondoa midia (kioevu cha kulishia seli) yenye seramu, osha mara moja kwa midia isiyo na seramu, kisha weka mililita 2 za midia isiyo na seramu katika kila kisima. Acha kwa saa 16 hadi 24.

Sababu ni kwamba seramu imejaa vichocheo vya ukuaji. Seli iliyo kwenye asilimia 10 ya seramu ina ERK iliyoamka tayari, na ukiongeza EGF juu yake tofauti itakuwa ndogo. Njaa inaishusha ERK mpaka chini ili kupanda kwake kuonekane.

Kama seli zako hazivumilii kukosa seramu kabisa, tumia asilimia 0.5.

Ukifaulu: asubuhi seli bado zimeshika sakafu na zimetandaa. Zikiwa zinaelea au zimekuwa vijiduara, zimezidiwa, na ishara za msongo zitakuchafulia jaribio. Punguza saa.

## Hatua ya 3: Amsha bila kuzishtua

Hii ndiyo hatua ninayowasihi muisome mara mbili.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuondoa midia ya njaa na kumimina midia mpya yenye EGF. Kubadilisha midia peke yake kunaweza kuiamsha ERK: seli zinapigwa na mkondo wa maji, joto linabadilika, midia inaingia ikiwa mpya. Halafu kisima cha sifuri, ambacho hakikubadilishiwa midia, kinalinganishwa na kilichobadilishiwa. Tofauti unayoiona hapo huwezi kuidai yote ni ya EGF.

Fanya hivi. Tengeneza EGF ya mikrogramu 10 kwa mililita ndani ya midia ya njaa yenye albumini kidogo, kwa sababu EGF iliyo chache hupenda kunata kwenye plastiki. Ongeza mikrolita 20 kwenye kisima chenye mililita 2, taratibu, ukizungusha sahani kwa upole. Utapata nanogramu 100 kwa mililita bila kugusa midia iliyopo. Kisima cha sifuri nacho kipewe mikrolita 20 za midia ile ile isiyo na EGF.

### Mpangilio wa muda

Sahani ya kwanza ni ya dakika 0, 2, 5, 10, 30 na 60. Kwa kuwa visima vyote vipo kwenye sahani moja, anza na wa muda mrefu: weka EGF kwenye kisima cha dakika 60, baada ya dakika 30 weka kwenye cha 30, na uendelee hivyo ili vyote vimalizike kwa pamoja. Kila baada ya kuongeza, sahani irudi kwenye inkubeta. Andika ratiba kwenye karatasi na uibandike ukutani mbele yako. Saa ya kichwani huteleza.

Sahani ya pili ina visima vitatu vya kazi:

1. U0126 mikromola 10 kwa dakika 30, kisha EGF dakika 5.
2. DMSO kwa kiasi kile kile dakika 30, kisha EGF dakika 5.
3. PMA nanomola 200 kwa dakika 15.

Wanafunzi wengi huruka sahani hii ili kuokoa dawa. Ni hasara. Bila U0126 huwezi kuthibitisha kwamba mkanda ulioupata umetoka kwa MEK. Bila PMA, ukikosa mkanda hutajua kama kilichokufa ni EGF au kingamwili.

## Hatua ya 4: Simamisha kila kitu kwa ghafla

Dakika ikifika, weka sahani juu ya barafu. Mwaga midia, osha mara moja kwa TBS iliyopoa kwelikweli, na ufyonze yote. Maji yanayobaki yanazimua vizuizi vyako. Weka mikrolita 150 za bafa ya kupasulia, kwangua, hamishia kwenye tyubu iliyopoa. Acha kwenye barafu dakika 15, kisha zungusha kwa nguvu ya g 14,000 dakika 15 kwenye nyuzi 4. Chukua maji ya juu.

Usitumie tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kung'oa seli. Itakula dakika unazozipima, na inakata protini za nje ya seli, vipokezi vikiwemo.

PMSF ongeza dakika ya mwisho kabisa. Ndani ya maji huvunjika haraka, kwa hiyo bafa iliyotiwa PMSF jana haina ulinzi huo leo.

### Njia ninayoipendelea umeme ukiwa si wa kuaminika

Kama sentrifugi yako haipozi, au umeme hukatika katikati ya kazi, achana na barafu. Baada ya kufyonza TBS, mimina bafa ya SDS (sabuni kali) asilimia 1 iliyopashwa hadi nyuzi 95, kwangua papo hapo, na uchemshe tyubu dakika 5. SDS ya moto inaua kinasi na fosfatasi kwa mpigo mmoja, na fosfeti zinabaki pale zilipokuwa. Kwa ERK naiona ni salama kuliko RIPA.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. DNA itatoka na kuufanya myeyusho uvutike kama kamasi. Upitishe kwenye sindano nyembamba mara kadhaa mpaka udondoke kama maji. Pili, usiuweke kwenye barafu, maana SDS huganda na kuwa chenga nyeupe. Ukiziona chenga, pasha moto kidogo zitapotea.

Usitie beta-merkaptoethanoli wala rangi kwenye bafa hiyo kabla ya kupima protini. BCA inavumilia SDS, haivumilii vitu hivyo.

## Hatua ya 5: Pima protini, sawazisha, chemsha

Pima kwa BCA. Ukifaulu, sampuli zote zitakaribiana. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, rudi ukaangalie daftari lako la hatua ya 4 kabla ya kusonga.

Sawazisha ili kila safu ipate mikrogramu 20 katika ujazo mmoja. Ongeza bafa ya Laemmli, ya kupakia sampuli kwenye jeli, yenye beta-merkaptoethanoli, chemsha nyuzi 95 dakika 5. Sasa gawa kila sampuli kwenye tyubu mbili au tatu na uzigandishe. Kuyeyusha na kugandisha tyubu moja mara kwa mara huiharibu sampuli.

## Hatua ya 6: Jeli na kuhamisha

Jeli ya asilimia 10 yenye matundu kumi inatosha kabisa: alama ya ukubwa, dakika sita, U0126, DMSO na PMA. Anza kwa volti 80 mpaka rangi ivuke jeli ya juu, kisha 120. Usiharakishe, kwa sababu ERK1 ina kilodaltoni 44 na ERK2 ina 42, na unataka kuziona zikiwa mikanda miwili.

Lowesha PVDF kwenye methanoli kwa dakika moja; bila hivyo haishiki maji wala protini. Panga jeli upande wa hasi na membreni upande wa chanya, toa viputo vyote kwa kubingirisha kijiti, na uhamishe kwa volti 100 kwa saa moja, tangi likiwa limezungukwa na barafu.

Ukifaulu: Ponceau S inaonyesha safu tisa nyekundu zenye wingi sawa. Piga picha. Duara jeupe lisilo na protini ni kiputo.

## Hatua ya 7: Kingamwili

Ziba membreni kwa albumini asilimia 5 ndani ya TBS yenye Tween-20 asilimia 0.1, saa moja. Maziwa ya unga yana kaseini, ambayo yenyewe ina fosfeti, na kwa baadhi ya kingamwili za fosfeti huongeza uchafu wa nyuma. Kwa ERK baadhi ya watu hufanikiwa nayo, lakini kama unapambana na membreni isiyoeleweka, ondoa shaka hiyo mapema.

Weka kingamwili ya ERK yenye fosfeti, moja kwa elfu moja au kama lebo inavyosema, usiku kucha kwenye nyuzi 4 ikitikiswa polepole. Osha mara tatu, dakika 10 kila mara. Ya pili saa moja, kisha osha tena mara tatu.

Angalia bafa zako kama zina sodiamu azaidi. Wengi huiweka ili kingamwili ya kwanza isiote ukungu, na hapo haina shida mradi uoshe vizuri. Ikiingia kwenye ya pili, inaizuia peroksidasi na membreni itakuwa nyeupe hata kama kila kitu kingine kilikwenda sawa.

Mwagia dawa ya kung'arisha na upige picha za muda tofauti. Chukua ile ambayo mkanda mzito zaidi bado haujafikia weusi wa mwisho, kwa sababu ukishafika hapo huwezi kulinganisha chochote.

Kisha ondoa kingamwili kwa bafa ya glaisini yenye pH 2.2, SDS na Tween-20, ziba upya, na uweke ile ya ERK yote. Anza daima na yenye fosfeti, kwa kuwa kuondoa kingamwili hupunguza protini kidogo, na yenye fosfeti ndiyo chache. Ukiwa na sampuli za ziada, kuendesha jeli mbili pacha ni bora zaidi.

## Jinsi ya kusoma ulichopata

Jaribio lililokaa sawa huonekana hivi: dakika 0 mkanda ni hafifu au haupo, dakika 5 hadi 10 mikanda miwili ni mizito, kufikia dakika 60 imeshuka wazi. U0126 imeufuta au karibu kuufuta, DMSO imeuacha, PMA imewaka. ERK yote iko sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Gawanya wingi wa yenye fosfeti kwa ERK yote ndipo uchore grafu.

Umbo la kushuka lina maana, usilipuuze. Katika seli za PC12, EGF huiamsha ERK kwa muda mfupi na seli huendelea kugawanyika, ilhali NGF, kichocheo cha ukuaji wa neva, huiweka macho kwa saa nyingi na seli huota vikonyo vya neva. Kinasi ni ile ile, ila muda umegeuza hatima ya seli. Ukipima dakika 5 peke yake, tofauti hiyo hutaiona.

Mkanda huu unakuambia kwamba ERK imebandikwa fosfeti. Ukitaka kudai kwamba inafanya kazi ndani ya seli, pima pia protini inayobandikwa na ERK yenyewe, kwa mfano RSK.

## Ukikwama, anzia hapa

ERK yote ipo, PMA inawaka, EGF haiwaki. EGF yako imekufa, au seli hazina EGFR ya kutosha. Fungua tyubu mpya ya EGF kabla ya kubadilisha kitu kingine.

ERK yote ipo, lakini EGF wala PMA haziwaki. Shuku vizuizi vya fosfatasi kwanza, hasa vanadeti, halafu kingamwili ya fosfeti. Pasua seli za PMA kwa SDS ya moto na uziweke sambamba na za RIPA. Zikiwaka za SDS pekee, umempata mwizi.

Safu zote ni nyeusi, hata dakika 0. Seli hazikushinda na njaa, zilishtuliwa kwa kubadilishiwa midia, au zina badiliko kwenye RAS au BRAF.

U0126 haifuti kitu. Imeharibika, au mkanda si wa ERK. Angalia ukubwa wake dhidi ya alama.

Mkanda ni mweupe katikati, kingo nyeusi. Peroksidasi ni nyingi mno hadi imemaliza dawa ya kung'arisha mahali hapo. Punguza kingamwili ya pili mara tano.

Hata ERK yote haipo. Rudi kwenye picha ya Ponceau S. Kama safu hazikuwa nyekundu, ulipanga jeli na membreni kinyume au protini hazikuhama, na sampuli ulizozigandisha bado ni nzima: endesha jeli nyingine kesho.